Bomba linapopita penye mteremko: Namna usalama wake unavyopimwa

BOMBA la mafuta, gesi au maji likishafukiwa ardhini husahaulika upesi. Nyasi huota juu yake, mifugo hulishwa hapo, na kinachosalia kuonekana ni vigingi vifupi vya kuonyesha linakopita. Katika ardhi tambarare usahaulifu huo huenda usilete madhara. Penye mteremko ambao udongo wake husogea, mambo ni tofauti kabisa.

Jioni ya Februari 22, 2020, karibu na kijiji cha Satartia katika jimbo la Mississippi, Marekani, mteremko uliokuwa umelowa kwa mvua ya muda mrefu uliporomoka na kulivuta bomba la kipenyo cha inchi 24, lililokuwa likisafirisha gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo kubwa. Bomba hilo lilikatika penye kiungo kilicholehemiwa. Gesi hiyo, ambayo ni nzito kuliko hewa, ilitambaa kama wingu hadi kijijini. Injini za magari zilizimika kwa kukosa oksijeni, watu wapatao 200 wakahamishwa na 45 wakapelekwa hospitalini. Hakuna aliyefariki.

Bomba lenyewe halikuwa kuukuu, wala halikuliwa na kutu. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2022 na PHMSA, mamlaka inayosimamia usalama wa mabomba nchini humo, ilieleza kwamba mipango ya kampuni husika haikuwa imeshughulikia ipasavyo hatari zitokanazo na ardhi. Makadirio yake ya umbali ambao gesi ingeenea yalikuwa ya chini mno, na vikosi vya uokoaji vya eneo hilo havikuarifiwa mapema. Mamlaka hiyo ilikuwa imezitahadharisha kampuni zote kuhusu hatari za aina hiyo mnamo Mei 2019, takriban miezi tisa kabla ya mkasa.

Ili kuelewa ni kwa nini chuma kigumu hukatika namna hiyo, sharti ikumbukwe kwamba unene wa bomba hukadiriwa hasa kwa kuzingatia shinikizo la kilichomo ndani, ambalo hujaribu kulipasua kwa upande. Ardhi inayosogea hulishambulia kwa njia nyingine. Bomba likikatiza mteremko, udongo hulisukuma ubavuni hadi likapinda mithili ya upinde. Likiteremka sambamba na mteremko, sehemu ya juu huvutwa kama kamba ilhali ya chini hubanwa hadi ikajikunja. Katika hali zote mbili, viungo vilivyolehemiwa ndivyo huathirika kwanza. Ndiyo sababu ukaguzi wa kawaida wa kutafuta kutu unaweza kulipa bomba cheti safi ilhali mlima unaendelea kulivuta polepole.

Upimaji wa usalama, basi, huanzia kwenye ardhi. Wanajiolojia hukusanya ramani na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, wakitafuta makovu ya maporomoko ya kale, kwani ardhi iliyowahi kuporomoka ni rahisi kusogea tena. Kisha hutembea njia nzima kwa miguu. Huangalia miti iliyopinda shina, nguzo za ua zilizolala upande, nyufa zenye umbo la mwezi mchanga na chemchemi zilizochipuka mahali palipokuwa pakavu. Wazee wa kijiji nao huulizwa ni lini kilima kilishuka mara ya mwisho. Kazi hii ni nafuu kuliko nyingine zote, na pengine ndiyo maana hupuuzwa na wanaopenda mitambo.

Panaposhukiwa, mashimo membamba huchimbwa na kutiwa vyombo vya kupima mwinamo na shinikizo la maji yaliyo ardhini. Swali kuu ni kina cha mahali ambapo tabaka la juu huteleza juu ya lile la chini. Iwapo utelezi huo uko mita tano chini na bomba limelazwa mita moja tu, bomba litabebwa pamoja na udongo. Kulizamisha kidogo zaidi hakusaidii, kwa sababu udongo mwingi hulikamata kwa nguvu zaidi. Ama lipitishwe chini kabisa ya utelezi, ama liondolewe mahali hapo.

Vipo pia vifaa vinavyobandikwa kwenye bomba lenyewe ili kupima mvutano wa chuma. Vina upungufu mmoja ambao wasimamizi husahau: huonyesha mabadiliko yaliyotokea tangu vilipobandikwa, si mzigo ambao bomba lilikuwa limekwisha kubeba. Chombo kinachosukumwa ndani ya bomba hurekodi mikunjo yake, na safari mbili zikilinganishwa hufichua palipopinda. Hata hivyo, bomba linalovutwa kwa urefu bila kupinda linaweza kukiponyoka. Setilaiti nazo hutambua msogeo wa milimita chache, lakini msitu mnene huzitatiza, na poromoko la ghafla halizisubiri zipite tena.

Baada ya hapo huulizwa maswali matatu: mteremko una uwezekano gani wa kusogea, ukisogea bomba lina uwezekano gani wa kukatika, na likikatika ni nani aliye chini yake. Mteremko wenye hatari ndogo juu ya shule unaweza kutangulizwa mbele ya ule mbovu ulio porini.

Tiba ya kwanza kwa kawaida ni kuyaondoa maji kwa mitaro, kwa kuwa maji ndiyo huuongezea udongo uzito na kuulegeza. Wakati mwingine bomba hufukuliwa ili mvutano upungue, kisha likafunikwa kwa udongo mlegevu. Kuna kampuni ambazo hupunguza shinikizo au kusitisha usafirishaji mvua ikizidi kiwango kilichowekwa.

Ecuador inaonyesha gharama ya kubaki katika bonde lile lile. Mnamo Machi 5, 1987, mitetemeko ya ardhi karibu na volkeno ya Reventador ilisababisha maporomoko yaliyoharibu makumi ya kilomita za bomba kuu la mafuta na kuikatizia nchi hiyo mapato kwa miezi kadhaa. Takriban watu 1,000 walifariki. Aprili 7, 2020, mmomonyoko wa mto Coca katika eneo hilo ulivunja mabomba mawili ya mafuta.

Nchini Kenya, mabomba ya mafuta kutoka Nairobi kwenda Eldoret na Kisumu hukatiza Bonde la Ufa, na sehemu kubwa ya maji ya jiji la Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika milima ya Murang'a, kaunti inayofahamika kwa maporomoko. Mikasa ya Pokot Magharibi ya Novemba 2019 na Elgeyo Marakwet ya Novemba 2025 ilidhihirisha jinsi miteremko ya nchi hii inavyoweza kushuka usiku mmoja.

Mkasa wa Sinai, Nairobi, wa Septemba 12, 2011, haukutokana na ardhi kusogea. Lakini zaidi ya watu 100 walifariki petroli ilipovuja na kufuata mtaro hadi kwenye makazi, na njia hiyo ya mafuta kutiririka kuelekea bondeni ndiyo ambayo mpimaji wa mteremko hulazimika kuichora kwenye ramani yake.

Wala ramani hiyo haidumu. Mkulima akibomoa matuta, mtu akichonga kilima ili ajenge nyumba, au barabara ikikatwa juu ya bomba, mteremko uliopimwa mwaka jana huwa si ule tena. Katika maeneo kama hayo njia nzima hustahili kutembelewa upya kila baada ya masika na vuli, na wakazi wanaoishi kando yake kupewa nambari ya simu ya kupiga mara tu wanapoona ufa.