Chuma cha Mbele

Vijana wenzangu wa Moshi, historia ya kwetu tuliyofundishwa shuleni ilianza na Wamangi, ikapita kwa Wajerumani, ikasimama kwenye kahawa. Sina ugomvi nayo. Lakini kahawa haikushuka mlimani yenyewe. Ilishuka vichwani mwa kina mama, baadaye ikashuka na Landrova, na Landrova hiyo haikuwa tena ile iliyotoka Uingereza. Fundi wa kwetu alikuwa ameshaitia mkono.

Kwanza gari lenyewe. Lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, wakati Waingereza bado wana uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aluminiamu, iliyokuwa inapatikana, na chesisi ikawa ya chuma. Kwa upande wa kutu, bodi hiyo ilikuwa jambo jema. Kwa mawe ya Kibosho na Marangu haikuwa jema hata kidogo: ukigusa kisiki, inabonyea kama sufuria.

Na njia zetu mnazijua. Huku korongo, huku kihamba, katikati mfongo wa maji umekatiza barabara. Masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, udongo unageuka sabuni. Dereva anafunga minyororo kwenye matairi, anamwomba Mungu, anapanda. Gari likiteleza, pua ndiyo inayoingia kwenye kingo, na nyuma ya pua kuna rejeta. Ikitoboka, mnalala hapohapo.

Basi fundi akachukua bomba nene la maji, akalikunja, akalichomelea, akalifunga mbele. Tena alilifunga kwenye chesisi, siyo kwenye bodi. Hapo ndipo penye akili: kishindo kikija kinapokelewa na mifupa ya gari, siyo ngozi. Chini ya injini akaweka bati zito kukinga sampu ya oili. Springi za nyuma akaziongeza.

Aliiga wapi? Wapo wanaotaja Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yakiwa yamefungwa vyuma mbele kwa hofu ya wanyama. Wengine eti ni sinema ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa huku kwetu kaskazini, John Wayne kakaa kwenye kiti nje ya gari akikimbiza vifaru. Mimi kwenye sinema siamini sana. Shida inatosha kumfundisha mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni hazikuwepo, na rejeta mpya ilikuwa kama lulu. Aliyekinga rejeta yake hakuwa anapamba gari. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, pikapu za Kijapani nazo zikapata njia ya kupanda mlima, na mafundi wakazivisha vyuma vilevile.

Sasa lipo jambo ambalo wazee hawapendi kulisema. Chuma kile kilikuwa pia kiti. Siku ya soko gari lilijaa ndani, likajaa nyuma, waliobaki wakakaa juu ya boneti, miguu wameikanyagisha kwenye bomba. Babu yangu mdogo alikuwa na Landrova ya namna hiyo. Siku moja ya mvua, akishuka, iliteleza ikagonga ukingo wa daraja. Mbele alikaa kijana wa jirani, mguu wake ukabanwa kati ya bomba na jiwe. Rejeta haikupata hata mkwaruzo. Kijana alitembea kwa fimbo maisha yake yote.

Bomba halibonyei, ndugu zangu. Kishindo lisichokimeza lazima akimeze mwingine. Na fundi hakuulizwa habari ya watu, aliulizwa habari ya rejeta.

Nilimwuliza babu mdogo kwa nini hakuliondoa bomba siku ileile.

"Mjukuu wangu, na kahawa ningeishushaje?"

Aliliondoa baada ya msimu kwisha. Gari liliuzwa Arusha. Bomba liko kihambani hadi leo, limelazwa mlangoni mwa zizi, na asubuhi ng'ombe hujikunia shingo hapo.