Kupima Kabla ya Kiu: Hoja ya Kulinda Rekodi za Serikali za Maji na Miamba Tanzania

Utangulizi

Kaskazini mwa Jiji la Dodoma, katika bonde la Makutupora, vimo visima virefu ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa tegemeo kubwa la maji ya makao makuu ya nchi. Karibu na visima hivyo vipo vingine ambavyo havijengwi kwa ajili ya kumpa mtu maji. Hivi ni visima vya uangalizi. Fundi hufika, hufungua kifuniko cha bomba, huteremsha utepe wa kupimia mpaka ncha yake iguse maji na kutoa mlio, husoma kina, huandika tarehe na namba kwenye fomu, kisha hufunga na kuondoka. Kazi hiyo haina jiwe la msingi wala sherehe ya uzinduzi, na mwananchi haoni matunda yake bombani kesho yake.

Makala haya yanaitetea kazi hiyo. Hoja yake ni kwamba thamani ya utafiti wa sayansi ya ardhi unaofanywa na serikali iko katika urefu wa rekodi zake na uwazi wa kuzitumia, wala si katika wingi wa miradi yake. Tanzania imerithi rekodi za namna hiyo, na zimekwisha kutufundisha mambo ambayo hakuna mradi wa miaka mitatu ungeweza kuyagundua. Hata hivyo, mazoea yetu ya kupanga bajeti huupa mradi fedha na kuuacha upimaji ujitafutie.

Miaka 55 ya Makutupora

Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti wa Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo wataalamu Watanzania. Msingi wake ulikuwa vipimo vya kina cha maji vya Makutupora kuanzia 1955 hadi 2010. Vipimo hivyo vilianzishwa enzi ya ukoloni, vikaendelezwa baada ya Uhuru, na vikavuka mabadiliko ya wizara na ya sera. Rekodi ndefu kiasi hicho ya maji ya ardhini ni adimu katika ukanda wa kitropiki.

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kama milimita 550. Rekodi ilionyesha kwamba katika miaka mingi sehemu kubwa ya mvua hiyo huishia kwenye mimea na hewani. Maji yaliyo ndani ya mwamba wa matale uliooza na kupasuka huendelea kushuka, mwaka baada ya mwaka, huku pampu zikivuta. Kisha huja msimu wa mvua zisizo za kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na kina hupanda kwa kishindo. Kwa maneno mengine, bonde hulipwa deni lake na misimu michache mikubwa, na mvua za wastani huchangia kidogo sana.

Tujiulize sasa utafiti mfupi ungesema nini. Mtafiti aliyepewa fedha za miaka mitatu katikati ya kipindi cha kushuka angeandika kwamba bonde linakauka na visima vifungwe. Mwenzake aliyeanza kazi mara baada ya mvua za 1998 angeandika kwamba maji ni tele, serikali iongeze pampu. Wote wawili wangekuwa wamepima sawasawa, na wote wawili wangeipotosha nchi.

Uamuzi unaotegemea ukweli huu ni mzito. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mahitaji ya maji yameongezeka, na mipango ya bwawa la Farkwa na ya kuvuta maji kutoka Ziwa Victoria imekuwa ikijadiliwa. Ni kiasi gani cha maji kivutwe Makutupora katika miaka ya kungojea mvua kubwa? Je, mafuriko ya msimu mkubwa yanaweza kuelekezwa mahali yanapoingia ardhini kwa urahisi? Anayejibu maswali haya bila rekodi ndefu anabahatisha, hata akiwa na shahada ngapi.

Floridi ya Meru

Makutupora inatufundisha kupima kwa muda mrefu. Mlima Meru unatufundisha kupima kijiji kwa kijiji. Katika miteremko yake, na katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, maji yanayopita kwenye miamba ya volkano huwa na magadi mengi na kalisi kidogo. Kwa kawaida kalisi hushikamana na floridi na kuifanya ituame. Kalisi inapokuwa haba, floridi hubaki imeyeyuka. Haina rangi, harufu wala ladha ya kumshtua mnywaji. Dalili yake huonekana baadaye, meno ya watoto yanapoota yakiwa na madoa ya kahawia. Kwa aliyekunywa maji yenye floridi nyingi kwa miaka mingi, mifupa huharibika na viungo hukakamaa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania ililazimika kuruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kikomo cha chini zaidi kingewaacha watu wengi bila chanzo chochote halali cha maji; baadaye kikomo hicho kilishushwa. Uamuzi huo mchungu uliwezekana kwa kuwa serikali ilikuwa na vipimo vya kuonyesha ukubwa wa tatizo. Vipimo ndivyo pia vilivyozaa kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ambako wataalamu wamefanyia kazi uchujaji wa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Utafiti wa eneo hilo uligundua vilevile kwamba maji si njia pekee: magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive upesi huweza kuongeza floridi katika chungu.

Jambo gumu zaidi ni kwamba visima viwili visivyo mbali vinaweza kutofautiana sana, kwa kuwa vimepita kwenye tabaka tofauti za mwamba. Kampuni ya uchimbaji hulipwa kwa kisima, na mfadhili huhesabu idadi ya visima. Hakuna kati yao mwenye sababu ya kuchora ramani ya kemia ya maji ya wilaya nzima na kuihuisha kila kisima kipya kinapochimbwa. Kazi hiyo haina mwenyewe asipokuwa serikali.

Mwamba mmoja, wizara tatu

Utafiti wa kijiolojia wa serikali nchini una karibu karne moja. Idara ya Jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa katika miaka ya 1920 chini ya Edmund Teale, ikawa na makao Dodoma, ambako leo ipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST). Katika miaka ya 1976 hadi 1979 ndege za jiofizikia ziliruka nchi nzima, zikipima usumaku na mionzi ya ardhi, na takwimu zake zimeendelea kutumiwa na watafutaji wa madini kwa miongo kadhaa. Sasa Wizara ya Madini imetangaza lengo la kupanua upimaji wa kina wa aina hiyo kutoka asilimia 16 ya nchi hadi angalau asilimia 50 ifikapo 2030. Ni lengo linalostahili kuungwa mkono.

Hata hivyo, takwimu hizo zisiishie kwa mwekezaji. Mpasuko uleule wa mwamba unaomvutia mtafuta dhahabu ndio unaohifadhi maji katika nchi ya miamba migumu kama Dodoma na Singida. Katika mbuga za Bahi na Manyoni kuna urani karibu na uso wa ardhi, na Bahi ni nchi ya wakulima wa mpunga. Ramani ya mionzi inayomwonyesha mwekezaji mahali pa kuchoronga inapaswa kumwonyesha mhandisi wa maji mahali pa kupima kisima kwanza kabla ya kukikabidhi kwa wanakijiji.

Kwa sasa madini yana wizara yake, maji yana wizara yake na bodi tisa za mabonde, na mazingira yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Marekani ilianzisha taasisi yake ya jiolojia, USGS, mwaka 1879 kwa ajili ya kuainisha ardhi ya umma na kuchunguza madini. Miaka kumi baadaye taasisi hiyohiyo ilikuwa ikipima maji ya Rio Grande huko Embudo, New Mexico, na hadi leo maji na madini viko chini ya paa moja. Hatulazimiki kuiga muundo huo. Tunachoweza kudai ni kwamba wizara zetu zisomeane takwimu.

Hoja pinzani

Wapo wanaosema setilaiti zimeondoa haja ya fundi na utepe wake. Setilaiti za aina ya GRACE, ambazo za kwanza zilirushwa mwaka 2002, kweli hukadiria mabadiliko ya maji ya ardhini kwa kupima nguvu ya mvutano wa dunia. Lakini huona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Haziwezi kuitenga Makutupora na majirani zake, wala hazipimi floridi.

Wengine wanasema kampuni za madini zifanye utafiti kwa fedha zao. Zifanye, na sheria ya madini inazitaka ziwasilishe taarifa zake serikalini. Lakini kampuni huchunguza eneo la leseni yake tu, hutafuta madini yake tu, na huondoka bei ikianguka.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini: fedha ya kupima kisima kisichotoa maji ingechimba kisima kinachotoa. Jibu ni kwamba kisima kilichochimbwa bila takwimu huweza kukauka au kutoa maji yasiyonyweka, na gharama hiyo huwaangukia wanakijiji.

Hitimisho

Mambo manne yanawezekana bila kuunda chombo kipya. Upimaji wa kudumu uwekewe fungu lake katika matumizi ya kawaida, lisiloguswa mradi unapoisha. Kila kisima kinachochimbwa kwa fedha za umma kiwasilishe taarifa za tabaka za mwamba na kemia ya maji kwa bodi ya bonde na kwa GST, kwa mfumo mmoja. Takwimu za ndege za jiofizikia zifikishwe kwa wahandisi wa maji kabla ya kuchagua maeneo ya kuchimba. Na fomu za zamani zilizo kwenye majalada ziingizwe katika kompyuta na kuwekwa wazi kwa vyuo vikuu na wananchi.

Wabunge watakaojadili fungu la kwanza wakumbuke tofauti yake na mafungu mengine. Barabara iliyokosa fedha mwaka huu hujengwa mwakani. Kina cha maji cha Machi ambacho hakikupimwa mwezi Machi hakiwezi kupimwa tena, kwa bajeti yoyote.