Kalamu ya Hemingway na Namba ya Mchongaji

Mwaka 1992 kampuni ya Montblanc ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa kalamu ya wino yenye mwili wa rangi ya matumbawe na kifuniko cha hudhurungi. Juu ya kifuniko ilichorwa sahihi ya Ernest Hemingway, ambaye kwa wakati huo alikuwa kaburini miaka 31. Zilitengenezwa 20,000, basi. Mwaka huohuo kampuni ilitoa nyingine kwa jina la Lorenzo de Medici, tajiri wa Florence aliyewalisha wasanii, nayo ikawekewa kikomo cha 4,810. Hiyo ni hesabu ya kimo cha mlima Mont Blanc kwa mita.

Ukifikiria vizuri, 20,000 si kitu adimu. Ni watu wa kujaza uwanja mdogo wa mpira. Lakini wakusanyaji waliipokea ile ya Hemingway kama mvua ya Novemba kule Ukambani. Iliisha madukani, bei ikaanza kupanda mikononi mwa watu binafsi, na leo anayeitafuta hulipa mara kadhaa ya bei ya kwanza. Kila mwaka jina jipya likafuata, Agatha Christie, Oscar Wilde, Voltaire, Dostoevsky, na kila mara mabishano ni yaleyale: hii ni nzuri kuliko ile ya Hemingway ama wametuuzia jina tu?

Wakusanyaji wana sheria zao, na sheria ya kwanza itamshangaza yeyote aliyesomea shule ya chaki na biro. Kalamu yenye thamani zaidi ni ile ambayo haijawahi kutiwa wino. Iwe ndani ya sanduku lake, na karatasi zake, na stika ya duka bado iko. Ukiiandikia hata barua moja ya mapenzi umeipunguzia bei. Wapo wanaoasi, wanaosema kalamu ni ya kuandika na wanaitembeza mfukoni kila siku, na hawa huchekwa kidogo na kuonewa wivu sana. Mimi niko upande wao, ingawa ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna hiyo kalamu.

Sasa kuna kichekesho. Hemingway mwenyewe aliandika rasimu zake kwa penseli, kisha akahamia taipureta, mara nyingi akiwa amesimama. Aliwahi kusema kwamba siku njema ya kazi ni ile iliyomaliza penseli saba. Kwa hiyo sahihi iliyo kwenye kifuniko inauza wino kwa jina la mtu wa penseli. Hakuna mkusanyaji aliyeonekana kujali. Walichonunua ni ile picha yake: simba, bunduki, ndevu, hema chini ya Kilimanjaro.

Na picha hiyo ilianzia huku kwetu. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukapita Lukenya na njia panda ya Machakos, kuna nyanda za Kapiti upande mmoja, kisha unafika Malili, pale penye Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013 kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Abiria wengi hulala hapo, au huamka tu kununua mahindi. Si mbali na hapo, upande wa Machakos, ndiko Philip Percival, mwindaji wa kulipwa, alikokuwa na shamba lake. Hemingway alifikia kwake mara mbili, mwishoni mwa 1933 na tena 1953. Safari ya kwanza ilizaa kitabu cha Green Hills of Africa, kilichotoka 1935. Ya pili ilizaa lundo la karatasi ambalo mwanawe Patrick alilipunguza na kulitoa 1999 kwa jina True at First Light.

Soma vitabu hivyo uone ni nani wanaobeba kazi. M'Cola, Mkamba, ndiye anabeba bunduki, anasoma nyayo, anacheka fisi anapojikunja kwa risasi, na mwandishi anahangaika kurasa nzima akitaka mzee huyo amheshimu. Miaka ishirini baadaye Hemingway anarudi, na sasa kando yake yuko kijana anayeitwa Ngui, anayetajwa kitabuni kuwa mtoto wa mzee yuleyule. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, watu wanakaguliwa barabarani, na mzungu huyu anatangaza kwamba anatamani kuwa Mkamba, ananyoa kichwa. Hayo yote yaliingia kwenye sifa iliyouza kalamu, lakini kwenye kifuniko kulikuwa na nafasi ya sahihi moja tu.

Ni kweli si kila jina lilipokelewa kwa makofi. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilitoa kalamu ya dhahabu kwa jina la Mahatma Gandhi. Zilikuwa 241, kila moja ikisimamia maili moja ya matembezi yake ya chumvi ya 1930, kwa bei ya zaidi ya rupia milioni moja. Kulikuwa na matajiri waliokuwa tayari kuinunua. Wahindi wengine waliona ni tusi: mzee aliyejisokotea uzi wake mwenyewe kuzungushiwa uzi wa dhahabu! Kesi ikafika mahakama kuu ya Kerala na mwanzoni mwa 2010 mauzo yakasimamishwa nchini India. Wanaopita Gandhi Wing pale Yunivasiti ya Nairobi wakienda lekcha na biro ya shilingi kumi na tano hawakuhitaji hakimu kuwaeleza tatizo liko wapi.

Ukambani hatukuletewa kesi. Sisi tulikuwa na wakusanyaji wa aina nyingine.

Simulizi inayokubalika zaidi inasema Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona Wazaramo wakichonga mpingo, akarudi na ufundi huo nyumbani. Akauza kwa wazungu, akafundisha jamaa zake, jamaa wakafundisha kijiji. Kufikia 1958, mwanauchumi Walter Elkan aliona biashara hiyo inastahili makala nzima ya kitaaluma, kwani vinyago vilikuwa vikivuka bahari kwa makasha. Twiga, swara, shujaa wa Kimasai na mkuki wake. Nao wakusanyaji wa sanaa ya Afrika, wale wa majumba ya makumbusho, wakasema nini? Wakasema hiyo si sanaa. Imetengenezwa kwa kuuzwa, iko mingi mno, inafanana. Wakaipa jina la sanaa ya uwanja wa ndege.

Hebu weka hapo kando ya kalamu. Vitu 20,000 vinavyofanana kabisa, vilivyotengenezwa kwa kuuzwa tu, vinaitwa adimu kwa sababu kampuni imeahidi kutotengeneza cha 20,001. Twiga aliyechongwa kwa tezo, ambaye mguu wake hauwezi kulingana na wa mwenzake hata ukitaka, anaitwa wa kawaida kwa sababu kesho mchongaji atahitaji kula tena. Wakati huohuo mti wenyewe ndio uliokuwa na kikomo. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na mpingo na muhuhu vilipoanza kupotea wachongaji walihamia mwarubaini, mwembe na jakaranda. Hakuna aliyepandisha bei ya vinyago vya zamani kwa sababu hiyo, angalau si bei iliyomfikia aliyevichonga.

Pale Changamwe, Mombasa, Wakamba waliohamia pwani walianzisha ushirika wa wachongaji miaka ya 1960. Kila mwanachama ana namba yake, na kinyago kinapowekwa dukani namba hiyo huwekwa pamoja na bei, ili kikinunuliwa pesa zimfikie mwenyewe. Kwenye kalamu, namba hukwambia hiki ni kipande cha ngapi. Kwenye kinyago, hukwambia ni nani alikaa chini ya banda siku nzima na tezo. Ila imeandikwa kwenye kikaratasi, na mtalii akifika nyumbani hukibandua, maana kina bei.