Uniti 75 kwa mwezi: namna ya kupunguza gharama za umeme, kuni na mkaa nyumbani

Majirani wawili wa Kibaoni wanaweza kununua umeme wa shilingi 1,000 siku moja, kwa wakala mmoja, na bado mmoja akapata uniti 8.2 huku mwingine akipata uniti 2.8. Wengi wakiona hivyo husema mita imeharibika au wakala amewapunja. Mara nyingi si mita wala wakala. Tofauti iko kwenye kundi la bei ambalo kila mteja amewekwa na TANESCO.

Katika makala hii tunaeleza makundi hayo, kisha tunaonyesha vifaa vinavyokula umeme zaidi nyumbani. Mwishoni tunagusia kuni, mkaa na sola, kwa sababu si kila kitongoji kimefikiwa na nguzo, na hata penye nguzo nyumba nyingi bado zinapikia kuni.

Makundi mawili ya bei

Kwa nyumba za kawaida kuna makundi mawili ya kuyajua. Kundi la D1 ni la wateja wa matumizi madogo, wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Bei yao ni shilingi 100 kwa uniti. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida: nyumba zinazotumia zaidi, maduka na biashara ndogo. Bei yao ni shilingi 292 kwa uniti.

Juu ya bei hiyo huongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla ni asilimia 22. Kwa hiyo mteja wa D1 hulipa shilingi 122 kwa uniti, na wa T1 hulipa kama shilingi 356. Bei hizi hupangwa na EWURA na ni zilezile nchi nzima. Hata miaka ile Mpanda ilipotegemea majenereta ya dizeli, kabla ya kujengwa njia ya umeme kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, mteja wa Katavi hakutozwa bei tofauti na wa Dar es Salaam.

Sasa tazama tofauti yake mfukoni. Nyumba inayotumia uniti 74 kwa mwezi ikiwa D1 italipa shilingi 9,028. Nyumba hiyohiyo, kwa uniti zilezile, ikiwa T1 italipa zaidi ya shilingi 26,300. Pengo ni zaidi ya shilingi 17,000 kila mwezi.

Mteja wa D1 akivuka uniti 75 ndani ya mwezi, zile zinazozidi hutozwa shilingi 350 kila moja, na pamoja na kodi na tozo zinafika shilingi 427. Ukinunua uniti 90, zile 75 za kwanza zitakugharimu shilingi 9,150, na zile 15 za juu shilingi 6,405. Ukizidisha mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1.

Angalizo wakati wa mavuno

Mfumo wa LUKU huhesabu uniti ulizonunua ndani ya mwezi, si ulizowasha. Hili ni muhimu kwetu tunaoishi kwa msimu. Mkulima akishauza mpunga huona ni busara kuweka akiba ya umeme wa miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, kabla fedha haijaisha. Kwa mteja wa D1 hiyo ni hasara, kwani kila uniti iliyovuka 75 atailipia zaidi ya mara tatu ya bei yake. Fedha ya umeme itenge pembeni, kwenye simu au kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ununue kila mwezi kiasi cha mwezi huo.

Kununua kidogo kidogo hakubadilishi bei. Mara tano za shilingi 1,000 ni sawa na mara moja ya shilingi 5,000, mradi jumla ya mwezi haijavuka uniti 75.

Ukipata uniti chache kuliko ulivyozoea, soma ujumbe wa simu kabla ya kulalamika. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU kwa majengo yanayohusika, kwa kawaida kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kama kuna deni, nalo huonekana kwenye ujumbe huohuo.

Kama uko T1 na matumizi yako ya nyumbani yako chini ya uniti 75 mwezi hadi mwezi, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita yako, uombe historia ya manunuzi iangaliwe na uhamishiwe D1. Kama duka, saluni au friji ya biashara inatumia mita ya nyumbani, itakuwa vigumu kubaki D1. Hapo fikiria mita mbili.

Wapangaji wanaotumia mita moja nao wana tabu hii. Nyumba nne, kila moja ikitumia uniti 25, jumla ni 100, na wote wanaumia ingawa hakuna aliyetumia vibaya. Kabla ya kugombana, kaeni mpige hesabu kwa kifaa, si kwa kichwa. Mwenye friji na pasi hawezi kuchangia sawa na mwenye balbu moja na chaja ya simu. Fundi anaweza pia kumfungia kila mpangaji mita ndogo ya ndani.

Kifaa kipi kinakula nini?

Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini ya kifaa. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, utapata uniti.

Balbu: Balbu nne za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, zinakula uniti 36 kwa mwezi, karibu nusu ya uniti zako 75. Balbu nne za LED za wati 9 kwa muda huohuo zinakula uniti 5.4. Hakuna hatua nyingine rahisi yenye faida kubwa kama hii.

Televisheni: Ya wati 50 ikiwaka saa sita kwa siku inakula uniti 9 kwa mwezi.

Kisimbuzi na sabufa: Kuzima kwa rimoti si kuzima. Kifaa kinachovuta wati 10 mchana na usiku kinakula uniti 7.2 kwa mwezi bila mtu kutazama wala kusikiliza. Zima ukutani.

Friji: Friji ndogo inaweza kula uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Iache nafasi kutoka ukutani, usiweke chakula cha moto, na mpira wa mlango ukilegea ubadilishe. Kuujaribu, bana noti mlangoni. Ikivutika kirahisi, baridi inatoka hapo.

Simu: Uniti moja inatosha kuchaji simu janja za kawaida kama 40. Simu si adui wa LUKU yako.

Pasi: Kazi yake ni kutoa joto, na kila kifaa cha joto hula sana. Nyoosha nguo za wiki kwa mara moja. Kila unapoiwasha upya unalipia kuipasha moto tena.

Jiko la koili: La wati 1,000 likiwaka saa mbili kwa siku linakula uniti 60 kwa mwezi.

Tujumlishe. Balbu nne za LED, televisheni, kisimbuzi kisichozimwa na friji ndogo ni uniti 51.6. Ukiongeza jiko la koili unafika 111.6 na umeshaondoka kwenye bei nafuu. Jiko la umeme la presha ni tofauti, kwa sababu limefunikwa na hujizima lenyewe joto likitosha. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha kwa kawaida huiva kwa nusu uniti au chini yake. Ukilitumia hivyo kila siku ni uniti 15, na jumla inakuwa 66.6. Bado uko ndani, na ukizima kisimbuzi unabaki na nafasi ya pasi.

Pima mwenyewe

Andika uniti zilizobaki kwenye mita jioni, kisha kesho yake saa ileile. Tofauti ikizidi 2.5, mwezi ukiisha utakuwa umevuka 75.

Kisha jaribu kama umeme unavuja. Chomoa kila kifaa na zima taa zote, lakini acha swichi kuu imewashwa. Tazama taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kuwaka na kuzima, kuna kitu kinavuta: waya uliochubuka, kifaa ulichosahau au mtu aliyeunganisha. Zima sasa swichi kuu. Taa ikitulia, tatizo liko ndani ya nyumba, mwite fundi mwenye leseni. Isipotulia, toa taarifa TANESCO. Usifungue mita mwenyewe.

Kuni na mkaa

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Wakati tunaelekea huko, kuni tulizo nazo zinaweza kupungua.

Mafiga matatu hupoteza moto mwingi pembeni. Jiko banifu la udongo, lenye ukuta unaoizunguka sufuria, huelekeza moto huo chini ya chungu. Kuni ziwe kavu na zipasuliwe nyembamba, kwa sababu kuni mbichi hutumia moto wake kwanza kukausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi wake unaingia vifuani mwa mama na watoto. Funika sufuria. Loweka maharage usiku.

Na kwa kuwa pumba za mpunga si adimu kwetu, jaza kikapu kikubwa pumba kavu, acha shimo la sufuria katikati. Maharage au wali ukishachemka vizuri, funika sufuria, itumbukize humo, juu weka mto au blanketi. Chakula kitaendelea kuiva bila moto. Maharage yapewe saa kadhaa, kisha yachemshwe tena kidogo kabla ya kula.

Jiko la mkaa lenye moto lisilale na watu ndani. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu, na inaua usingizini.

Kwa wenye sola

Futa vumbi kwenye paneli kila wiki wakati wa kiangazi. Kwa huku kwetu kusini mwa Ikweta, paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, mbali na kivuli cha mwembe. Chaji simu mchana jua likiwaka, na moja kwa moja kwenye tundu la simu la mtambo, si kupitia inveta. Betri ya asidi isiishe zaidi ya nusu, maana kuimaliza kila usiku ndiko kunakoiua mapema, na betri ndiyo sehemu ya mtambo utakayolazimika kuinunua tena.

Pa kuanzia

Huhitaji kufanya yote leo. Wiki hii soma ujumbe wako wa mwisho wa LUKU. Toa kodi ya jengo na deni kama vipo, kisha gawanya fedha iliyobaki kwa uniti ulizopata. Ukipata 122, uko D1: kazi yako ni kuilinda 75. Ukipata 356, uko T1: anza na balbu, pima matumizi ya mwezi mzima, na yakishuka chini ya 75 nenda TANESCO ukaombe kuhamishwa. Bei zikibadilishwa na EWURA namba hizi zitabadilika, lakini njia ya kupiga hesabu itabaki ileile.