Uvimbe Unaojificha Kwenye Sundosundo

Wadau, mwaka jana nilikuwa Mbingu, kule bonde la Kilombero, kufuatilia habari za mpunga. Baada ya mahojiano mzee mmoja akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe umesoma." Ana masundosundo sehemu za siri, yamekua miaka mitatu, sasa hata baiskeli hapandi. Ajuaye ni mkewe tu. Nikamwambia aende hospitali Ifakara. La zaidi sikulijua.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Kumbe upo uvimbe adimu unaoanza hivyohivyo. Mwaka 1925, madaktari wawili wa Ujerumani, Abraham Buschke na Ludwig Löwenstein, waliandika kuhusu masundosundo ya uume yaliyokua hadi yakafanana na saratani. Uvimbe ukapewa majina yao. Buschke, aliyekuwa Myahudi, alifia kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1943, kabla chanzo hakijajulikana. Miaka ya 1980 ndipo maabara ya Harald zur Hausen ilipotambua kirusi cha HPV, aina ya 6 na ya 11, kwenye masundosundo na kwenye uvimbe huu.

Ubaya wake ni kwamba juu unaonekana sundosundo la kawaida, chini unachimba. Kikipimwa kinyama cha juujuu, jibu linaweza kuja "hakuna saratani" na kumbe ipo ndani. Kinatakiwa kinyama cha ndani kabisa. Na kipimo cha VVU pia, maana kinga ikishuka HPV hupata nafasi. Tiba kuu ni kuukata wote, halafu kurudi kuangaliwa, kwa sababu una tabia ya kuota tena.

Ifakara si mahali pageni kwa utafiti. Rudolf Geigy wa Uswisi alifika pale mwaka 1949, na kazi yake ndiyo ilizaa Taasisi ya Afya Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko nayo ina kliniki ya wenye VVU tangu miaka ya 2000. Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana. Mzee wangu haimhusu.

Juzi nikampigia. Shikamoo mzee, ulikwenda? Hakwenda. Anaona aibu kuvua nguo mbele ya muuguzi mwenye umri wa binti yake.

Jamani, aibu hiyo ndiyo inayoupa uvimbe muda wa kuchimba. Ijumaa napanda basi. Tunakwenda wote.