Lawama kwa rubani, kosa kwenye swichi

Nimepotea siku nyingi, kazi zilinibana. Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie ndege za kivita.

Turudi mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Marekani lilikuwa na tatizo la ajabu. Ndege za mabomu aina ya B-17 zilikuwa zinatua salama, kisha zikiwa bado zinakimbia uwanjani, rubani anakunja magurudumu! Ndege inalalia tumbo. Ripoti zikaandika: kosa la rubani.

Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliyekuwa akifanya kazi Wright Field, Ohio, akachunguza. Akaona kwamba marubani wa B-25 na P-47 nao walifanya kosa hilo, lakini wa C-47 hawakulifanya. Je, wa C-47 walikuwa werevu zaidi? Hapana. Katika B-17, swichi ya magurudumu na ile ya flapu (zile sehemu za bawa zinazoshushwa ndege ikitua) zilikaa pamoja na kufanana kama mapacha. Rubani aliyechoka alitaka kurudisha flapu, mkono ukashika jirani yake. Katika C-47 hazikufanana hivyo.

Dawa yake? Swichi ya magurudumu ikabandikwa gurudumu dogo la mpira, ya flapu ikapewa umbo la kabari. Hata gizani mkono unajua umeshika nini.

Mwaka 1947, Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 vya makosa ya marubani. Karibu nusu vilikuwa vya kushika kidhibiti kimoja badala ya kingine. Mpaka leo, kanuni za ndege za abiria Marekani zinadai kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu.

Kwa nini nawasimulia haya? Niliwahi kuandikia ofisi moja programu ya stoo. Kitufe cha "Hifadhi" na cha "Futa" nilivipanga bega kwa bega, rangi moja. Karani akafuta rekodi za mwezi mzima. Mkubwa wake aliponiuliza, nilijibu bila aibu: "Mtumiaji hakuwa makini." Dada wa watu akapewa barua ya onyo.

Baadaye nilikihamisha kile kitufe. Kazi ya dakika kumi. Barua yake bado iko kwenye faili, na jina langu halimo.