Mlima haushukwi kwa frii: historia fupi ya breki za lori

Ukipita kwa mafundi wa Bombambili hapa Songea, ukakuta lori limepigwa jeki na tairi za nyuma zimetolewa, omba uoneshwe drami ya breki. Drami iliyotunzwa ina rangi ya chuma cha kawaida. Iliyoteswa ina madoa ya bluu, na kwa ndani ina nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Mara ya kwanza kuiona niliuliza, "Shikamoo mzee, hii imepakwa rangi?" Fundi akacheka. "Marahaba. Sio rangi hiyo mwanangu, huo ni moto. Huyu ameshuka mlima na frii."

Frii unaijua. Dereva anatoa gia, anaacha lori literemke lenyewe huku injini ikiunguruma taratibu, akiamini anaokoa dizeli. Leo tuangalie imani hiyo ilipokosea, kwa sababu imeshagharimu maisha ya watu.

Tuanze na barabara yetu. Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wakati Songea iko kwenye mita 1,100 na kidogo. Kila mfuko wa mbolea au saruji unaotoka Makambako kuja huku lazima ushuke tofauti hiyo, na kipande kinachoogopwa ni milima ya Lukumburu. Lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Kabla ya hapo kulikuwa na vumbi kiangazi na tope masika. Watu waliteseka kweli, ila tope lina jambo moja: halikuruhusu ukimbie. Lami ilipofika, mwendo ukaongezeka na mzigo ukaongezeka, kazi ya kulizuia gari ikabaki kwa breki. Leo sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori refu lenye ekseli za kutosha kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Na tangu mwaka 2021 makaa ya mawe ya Ngaka yanasafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 600.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo. Chukua lori la tani 50 linaloshuka mteremko ambao chini yake ni mita 300 pungufu ya juu yake. Nguvu ya uvutano inalipa lori hilo nishati ya megajuli 147 hivi. Kama dereva anataka kufika chini kwa mwendo uleule aliokuwa nao juu, nishati yote hiyo lazima iende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki, kwa aliyeweka frii, inageuka joto kwenye drami. Ili uone ukubwa wake: megajuli 147 zinatosha kuchemsha lita 440 hivi za maji ya kawaida, yaani mapipa mawili makubwa yakajaa na bado yakabaki maji ya ndoo mbili. Chuma cha drami kinabebeshwa joto hilo ndani ya dakika chache.

Kinachofuata ndicho madereva wanaita breki kukataa. Drami ikipata joto sana inatanuka na kuwa mbali na brekishuu zilizo ndani yake. Wakati huohuo laini za brekishuu zinapoteza uwezo wa kung'ang'ania chuma. Dereva anakanyaga, pedali inaenda, gari halisikii. Hapo hakuna kilichokatika. Fundi akikagua breki zikishapoa anaweza kukuta karibu kila kitu kinafanya kazi.

"Lakini lori lina breki za upepo," utasema. Ni kweli, na breki hizo zina historia nzuri. Zamani kwenye treni za Marekani kulikuwa na wafanyakazi waliotembea juu ya mabehewa wakifunga breki kwa mkono, na wengi walianguka. Mwaka 1869 George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo. Mwaka 1872 akaiboresha kwa kugeuza mantiki yake: upepo ukiwepo breki zinaachia, upepo ukivuja zinakamata zenyewe. Wazo hilo liko hadi leo kwenye breki za springi za malori, ndiyo maana lori lililoishiwa upepo linagoma kuondoka. Ila angalia vizuri: Westinghouse alitatua tatizo la bomba kupasuka. Tatizo la joto alituachia.

Aliyelikabili hilo ni Clessie Cummins, mtengeneza injini za dizeli wa Marekani. Mwaka 1931 alivuka nchi yake kwa lori la dizeli ili kuonesha kwamba injini hiyo inafaa barabarani. Kwenye mteremko wa Cajon Pass, California, breki zikamkataa. Chini kulikuwa na reli, na treni ilikuwa inapita. Behewa la mwisho liliondoka njiani kwa bahati tu, lori likapita. Hakulisahau jambo hilo, na baada ya kustaafu akalirudia.

Shida aliyoiona ni hii. Injini ya petroli ukiachia mafuta inajifunga pumzi: mlango wa hewa unafungwa, pistoni zinavuta kwa shida, gari linapungua mwendo. Injini ya dizeli ya kawaida haina mlango huo. Pistoni inaminya hewa, halafu hewa ileile inaisukuma pistoni irudi, kama springi. Ulichotoa unarudishiwa karibu chote. Cummins akabuni kifaa kinachofungua valvu ya ekzosi pistoni inapokaribia juu, hewa iliyominywa ikatoka kabla haijasukuma. Injini ikawa pampu inayokula nguvu za lori. Kiwanda cha Jacobs kilianza kukiuza mwaka 1961, miaka 30 baada ya ile treni. Siku hizi malori mengi mazito yana kifaa hicho, au breki ya ekzosi, au vyote. Lakini bila gia, injini haijaunganishwa na tairi, na vifaa hivyo havina cha kushika.

Na ile dizeli inayookolewa? Haipo. Kwenye injini ya dizeli, gavana ya pampu inakata dizeli ukiachia pedali huku tairi zikiizungusha injini. Ukiwa kwenye gia, injini inazungushwa na mlima bure. Ukiweka frii, lazima inywe dizeli ili isizime. Frii inaweza kukusaidia kwenye vitelemko vidogo vinavyofuatwa na kupanda, maana unabaki na kasi. Kwenye mlima mrefu kasi hiyo utaiua kwa breki tu, kwa hiyo hujaokoa kitu.

Vijana wa bodaboda, nanyi mnahusika. Pikipiki ya kabureta ukiizima mteremkoni na kuiweka frii unaokoa petroli kidogo kweli, ila umeitupa breki ya injini, ambayo kwenye pikipiki ni nzuri kuliko unavyodhani.

Kanuni ya wazee wa barabara inasema shuka na gia uliyopandia, ingawa lori la kisasa linaweza kuhitaji gia nzito kuliko hiyo, na gia lazima iingizwe juu, kabla mteremko haujaanza. Ukishashika kasi, gia nzito haiingii tena. Kwa hiyo safari ijayo ukiwa ndani ya basi kuelekea Songea, sikiliza kabla ya Lukumburu. Injini ikinguruma kwa sauti nene mteremkoni, tulia, unaendeshwa na mtu anayejua. Ikinyamaza huku gari linakimbia, usione haya kuita: "Dereva, tuwekee gia."